Nati Ikikaza Mara ya Pili

Jumapili, Mei 1, 1988

Mke wa mchungaji amenipa daftari hili lenye maua ya zambarau kwenye jalada, akaniambia niandike huzuni yangu humu, eti itapungua. Nilimshukuru, kwa sababu huku kwetu Minnesota ukipewa kitu unashukuru, hata ukiambukizwa mafua. Lakini huzuni niliimaliza Februari, tulipomzika Osvald kwenye ardhi iliyoganda hata ikabidi iyeyushwe kwa makaa kabla ya kuchimbwa. Nilichobaki nacho ni hasira. Hakuna mahali kwenye daftari palipoandikwa kwamba hairuhusiwi, basi naanza.

Barafu imeondoka ziwani, na leo nimefungua banda la boti. Mashine ipo pale pale kwenye stendi yake, imefunikwa shuka. Ni mashine ya boti ya kupachika nyuma, ya mwaka 1934, yenye silinda mbili, na juu kabisa imevaa flaiwili, gurudumu la chuma zito ambalo unalizungusha kwa kuvuta kamba ili mashine iwake. Ziwa zima linaiita mashine ya Osvald. Ilikuwa ya baba yangu. Baba aliniachia mimi kwa mdomo wake mwenyewe, nikaolewa nikaja nayo kama wenzangu wanavyokuja na masufuria. Osvald akaishika siku ya kwanza, na tangu hapo kazi yangu ikawa kumshikia tochi.

Oktoba iliyopita, kwenye chakula cha jioni cha chama cha mashine kuukuu, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Osvald alisimama na kikombe chake. Alikuwa ameshajua kwamba ugonjwa utammaliza. Akasema, "Nikifa, mashine ni ya atakayeiwasha." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nachuja kahawa, nikayasikia hayo kupitia kidirisha cha kupitishia vyombo. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia.

Na neno likishasemwa kanisani, hata kama ni ukumbi wa chini, huku kwetu halirudi.

Jumanne, Mei 3

Nimefua mapazia.

Jumamosi, Mei 14

Leo msimu wa uvuvi umefunguliwa na kila mwanamume mwenye viatu vya mpira yuko majini, isipokuwa Verner. Verner ni mdogo wake Osvald, ana miaka sitini na miwili na nyundo tatu, na leo amekuja na zote. Hakuuliza. Alisimama mlangoni mwa banda, akasema hali ya hewa si mbaya, kisha akaingia.

Mashine haiwaki kwa sababu haina cheche, na vinavyotoa cheche vimekaa chini ya flaiwili. Flaiwili nayo imeng'ang'ania ncha ya krenki, mhimili wa chuma unaozunguka katikati ya mashine. Hilo si jipya. Mashine za aina hii zote zina ugonjwa huo, na aliyeweza kuzitoa flaiwili zake alikuwa Osvald peke yake. Watu walimletea kutoka maziwa ya mbali. Alijifungia bandani, akatoka nayo mkononi anatabasamu, na watu wakasema huo ndio mkono wa Osvald, mwingine haupo.

Verner alianza kwa kufungua skrubu tatu za sahani ya kamba, ile inayokaa juu ya flaiwili na kuzungushiwa kamba ya kuwashia, akaitupa kwenye boksi la misumari. Akafungua nati, ikatoka bila shida. Halafu akashika nyundo kubwa.

"Shemeji, sogea kidogo. Chuma kinaweza kuruka."

"Nyundo ndiyo itakayoruka, Verner."

"Wewe niletee tochi tu."

Nilimletea. Nitajichukia kwa hilo mpaka Krismasi. Alipiga mpaka saa ya chakula cha mchana na flaiwili haikutingishika hata unywele. Nikampa mseto wa tambi na nyama, akala, akashukuru, akasema atarudi Jumamosi nyingine.

Jumapili, Mei 15

Kichwa kinaniuma. Mahubiri yalihusu subira.

Jumamosi, Mei 28

Amerudi, na safari hii wamekuja watazamaji. Wanaume wa huku hawakuulizi kama unahitaji msaada. Wanakuja, wanasimama kando yako, mikono mifukoni, wanakitazama kilichokushinda. Baadaye sana mmoja anasema, "Flaiwili hiyo." Mwingine anajibu, "Naam, flaiwili." Kisha wanatazama tena.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake: mafuta ya kulainisha kutu, au kabari za mbao, au maji ya moto. Mmoja alisema kwa sauti ya huzuni kwamba mkono wa Osvald sasa uko mbinguni, wenzake wakatikisa vichwa. Wakanywa birika mbili za kahawa yangu. Hakuna aliyeuliza mashine ilikuwa ya nani kabla ya kuwa ya Osvald.

Alhamisi, Juni 9

Mvua hakuna. Nyasi zimegeuka rangi ya mkate. Ziwa limerudi nyuma mpaka nguzo mbili za mwanzo za gati zimesimama kwenye tope kavu.

Jumamosi, Juni 11

Verner amekuja na mtungi wa gesi ya kuchomelea.

Nilikuwa shambani kwenye viazi nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Rangi ile ni ya kijani, baba yangu aliipaka kwa brashi ya manyoya ya sungura. Nilikimbia. Verner alikuwa amevaa miwani nyeusi, moto unavuma, rangi ya upande mmoja wa flaiwili imefura na kuwa malengelenge. Na nilipotazama ncha ya krenki, pale anapopigia nyundo, chuma kilikuwa kimetanuka na kuwa na kichwa kama uyoga. Nyuzi za juu, zile nati inazopandia, zimelala.

Nikamwambia azime. Alizima. Nikamwambia, "Verner, unaua mashine ya baba yangu."

Akavua miwani. "Mashine ya Osvald, shemeji."

"Ya baba yangu."

"Sawa, ya baba yako. Lakini bila kuitoa hiyo flaiwili ni nanga tu."

Sikupiga kelele. Huku kwetu hakuna anayepiga kelele. Mama yangu alizaa watoto saba katika nyumba ya vyumba viwili na majirani walijua kwa kuona nepi kwenye kamba. Nilimfungia Verner vipande vinne vya keki kwenye karatasi, nikamkabidhi, nikamfungulia mlango. Alielewa. Keki ikifungwa kabla ya kahawa, umefukuzwa.

Kisha nikaendesha gari mpaka mjini nikanunua kufuli.

Jumapili, Juni 19

Habari za kufuli zimefika kanisani kabla yangu. Katika ziwa letu hakuna anayefunga banda. Baada ya ibada Lester Bakke, mwenyekiti wa chama cha mashine kuukuu, alinishika mkono kwa upole akasema, "Nasikia umeweka kufuli, Ragna. Hiyo nayo ni namna yake."

Kwa mgeni hayo ni maneno matupu. Kwetu hakuna hukumu nzito kuliko hiyo. Mtu aliyechoma ghala la jirani yake mwaka wa arobaini na sita alisemwa hivyo hivyo.

Jumatatu, Julai 4

Digrii thelathini na nane. Fataki zimepigwa marufuku kwa ajili ya ukame. Heri.

Jumatano, Julai 13

Nimekuwa nikijaribu peke yangu. Nimemimina mafuta ya kulainisha kutu kila asubuhi, nimepigilia kabari chini ya flaiwili pande mbili, nimegonga kwa nyundo ya mbao, nimeomba, nimetukana kwa Kinorwe cha bibi yangu, ambacho sikijui vizuri lakini matusi yake ninayajua. Haitoki.

Leo Lester alikuja na pai ya matunda. Alikataa kahawa mara mbili kama adabu inavyotaka, mara ya tatu akakubali akanywa vikombe vitatu. Akazungumzia mahindi yanavyokauka. Akazungumzia mashine yake, ndugu ya hii yangu, ambayo flaiwili imekwama tangu Osvald alipougua. Nikajua kuna kitu kinakuja, kwa sababu alikuwa anakizunguka mbali.

Akasema siku ya mashine kuukuu ni Septemba kumi. Akasema chama kimeongea. Akasema Verner ni ndugu wa damu, na ingekuwa jambo zuri, jambo la amani, kama ningemwachia achukue mashine nyumbani kwake akafanye kazi kwa utulivu. "Na isipowaka kufikia siku hiyo, tunafikiri tuiweke kwenye maonyesho pale ukumbini. Kwa kumbukumbu yake. Watu wameshachangia kibao cha shaba chenye jina lake."

Nikamuuliza kama kibao kina nafasi ya jina la baba yangu. Alinitazama kama niliyeuliza kama kina nafasi ya jina la ng'ombe.

"Ragna," akasema, "wewe mashine ungeifanyia nini?"

Sikumjibu. Nilimkatia pai yake mwenyewe nikampa. Lakini sasa naandika, na hapa najibu. Ningekaa nyuma ya boti na mkono wangu ungekuwa kwenye usukani wake. Ningekwenda ninakotaka kwenda, si kukaa mbele nimeshika kikapu cha chakula. Baba alinifundisha kuivuta kamba nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa naiwasha kwa mvuto mmoja, na mafundi wa mjini walisimama kutazama. Halafu nikaolewa, na mwanamume mmoja mpole, aliyependwa na wote, ambaye hakuwahi kuninyanyulia sauti, alinichukulia kitu kile kwa upole miaka thelathini na nne, na alipokaribia kufa akakigawa kwa watu huku akicheka. Kama angeniibia ningeita polisi. Nitamfanyaje mtu mpole?

Sasa wanataka wamfungie na kibao.

Alhamisi, Julai 14

Mkono unauma kwa kuandika. Nimempelekea Lester sahani yake ya pai. Nimeiosha.

Jumamosi, Julai 23

Leo nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilikwenda kutafuta msumari wa kupigilia waya wa kuku. Kwenye boksi la misumari nikakuta sahani ya kamba, ile ambayo Verner aliitupa humo siku ya kwanza. Niliichukua nikaigeuza ili kutoa kutu. Upande wa chini, kuzunguka tundu la katikati, kuna duara linalong'aa. Sahani yote imefifia na kuwa nyeusi, lakini duara lile limesuguliwa mpaka limekuwa kama sarafu mpya. Chuma hakisuguki bila chuma kingine.

Nikaenda kuchukua nati. Nati ya flaiwili hii si kama nati nyingine. Ina ukosi chini yake, mpana. Nikaiweka nati kwenye sahani kutoka chini: kichwa kikapenya tunduni, ukosi ukagoma. Ukakaa juu ya lile duara sawasawa, kama kikombe kwenye kisosi chake.

Yaani nati haikutengenezwa itoke. Imetengenezwa ibaki chini ya sahani. Ukiifungua nati sahani ikiwa bado imekazwa mahali pake, nati inapanda, ukosi unaisukuma sahani kutoka chini, na sahani imefungwa kwenye flaiwili kwa skrubu tatu. Flaiwili haina budi kufuata. Mashine inajitoa yenyewe. Tangu mwaka 1934 ilikuwa inajitoa yenyewe, na sisi tulikuwa tunaivua kwanza kifaa chake cha kujitoa, tunakitupa kwenye misumari, kisha tunaleta nyundo.

Hiyo ndiyo siri ya mkono wa Osvald. Spana moja.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka, na kicheko kikakauka. Nilimshikia tochi miaka yote ile. Niliona akisafisha plagi, akipima mafuta, akibadilisha koili. Lakini flaiwili ikitoka sikuwahi kuiona, hata mara moja, kwa sababu kila ilipofika hapo alisema, "Ragna mpenzi, nenda kalete kahawa." Na niliporudi na trei, flaiwili ilikuwa mezani na yeye anafuta mikono.

Hakutaka kahawa. Nyingine aliimwaga ziwani, nilimwona, nikadhani niliipika kali mno. Nikapunguza. Miaka yote hiyo ninakunywa kahawa nyepesi kwa sababu ya nati.

Jumapili, Julai 24

Sikwenda kanisani.

Ijumaa, Julai 29

Kujua ni jambo moja. Nyuzi za ncha ya krenki Verner alizilaza kwa nyundo, na nati haipandi. Nimekuwa nikizinyanyua na kuzichonga kwa tupa ya pembetatu, ile ndogo ya kunolea misumeno, uzi mmoja mmoja. Nikikosea, nati itapanda mshazari na kuzila zote, na krenki ya mashine hii haipatikani tena popote. Nafanya asubuhi tu, kabla joto halijanifanya mjinga.

Jumanne, Agosti 2

Nachonga.

Jumamosi, Agosti 6

Leo asubuhi nati imepanda. Niliizungusha kwa vidole, ikaenda, ikasita kwenye uzi wa tatu, ikaenda. Nikaweka sahani juu, nikakaza skrubu zote tatu mpaka bisibisi ikaniachia alama kiganjani. Nikaifunga flaiwili kwa mkanda wa suruali wa Osvald kwenye mguu wa meza ya kazi ili isizunguke. Nikashika spana.

Nati ilifunguka kwa urahisi, mzunguko mmoja na kidogo. Halafu ikakaza.

Na pale nikaelewa kitu kingine, labda kikubwa kuliko cha kwanza. Verner huanza kwa kutoa sahani, lakini wengine sivyo. Wote walianza na sahani ikiwa mahali pake, kwa sababu mashine huja nayo. Wote walifungua nati. Nati ikaachia, kisha ikakaza mara ya pili, nao wakasimama. Sisi watu wa huku, kitu kikikataa, hatukilazimishi. Tumelelewa hivyo kuanzia mezani mpaka kaburini. Tunasema "basi, inatosha," tunarudisha spana, tunafungua sahani tuone kilichokwama ni nini. Kumbe kule kukaza mara ya pili ndiko kazi yenyewe inapoanzia. Walisimama mlangoni kwa adabu.

Mimi nilisimama pia. Nikafikiria nyuzi nilizochonga, kwamba zikikatika nimeimaliza mashine kwa mkono wangu na Lester atapata kibao chake. Wanasema hasira hasara. Kwa mara ya kwanza tangu Februari niliogopa hasira yangu.

Halafu nikasikia, waziwazi kama yuko nyuma yangu, "Ragna mpenzi."

Nikaegemea spana kwa mwili wote. Haikutingishika. Nikaweka mguu ukutani. Kitu fulani kililia, sijui ni chuma au ni mimi. Nikaongeza.

Paa.

Ilisikika kama bunduki. Njiwa wote wa paani waliruka. Nilidhani nimekata krenki, nikakaa chini sakafuni nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, flaiwili ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja, huru, inacheza kama kofia kichwani. Niliinyanyua kwa mikono miwili. Nyuzi hazikudhurika.

Chini yake kulikuwa na kutu, buibui aliyekufa, na waya mmoja wa koili ya cheche uliooza. Basi, hakuna zaidi.

Jumapili, Agosti 7

Niliweka flaiwili kwenye kikapu cha pai, nikaifunika kitambaa, nikaenda nayo kwa Verner baada ya ibada. Nilikwenda kumkomoa, sitasema uongo. Niliiweka mezani kwake jikoni nikavuta kitambaa.

Alipitisha kidole kwenye rangi iliyoungua. "Umetumia nini?"

"Spana."

"Na nini kingine?"

"Hasira."

Nikamweleza. Nikamwonyesha duara kwenye sahani, ukosi wa nati, mahali wote wanaposimama. Nilisubiri abishe, maana Verner hubishana hata na kalenda. Badala yake alivuta kiti akakaa.

"Mimi alikuwa ananituma bia," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Kila ikifika hapo. 'Verner, nenda kachukue bia mtoni, ziko chini ya daraja, zinapoa.' Nikirudi, tayari. Na akinipa niijaribu mimi, alikuwa anaitoa sahani kwanza, ananiambia haya, piga." Akageuza mikono yake na kuitazama, mipana, yenye kovu kila kidole. "Shemeji, mimi tangu ujana naamini mikono yangu ni mibovu. Niliacha ufundi kwa ajili hiyo. Nikaenda kuuza bima."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali nimeyapanga njia nzima, na yote yalikosa pa kukaa. Yule niliyemwona adui mwenye nyundo alikuwa mwenzangu aliyetumwa upande mwingine. Tulikunywa kahawa. Niliipika mimi, kali.

Nilipokuwa natoka alinishika kiwiko. Akaniomba nisiwaambie watu. "Mwachie mkono wake. Amekufa, shemeji. Mashine chukua, mimi sidai kitu. Lakini hilo mwachie. Litakugharimu nini?"

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria njia nzima ya kurudi na nimekasirika upya.

Ijumaa, Agosti 19

Mvua, hatimaye. Mvua nzuri ya kutulia. Waya mpya nimeuungia ndani ya banda huku ikinyesha. Nimeshika plagi dhidi ya chuma, nimezungusha, na cheche ikaruka, ya buluu, nene. Imenipiga mpaka bega. Sikuwahi kufurahia kupigwa hivyo.

Jumatatu, Agosti 29

Verner amekuja kunisaidia kupaka rangi palipoungua. Alileta brashi. Hatukuongelea jambo lile.

Jumamosi, Septemba 10

Watu walikuwa wengi, boti zilipangwa mpaka kwenye mafunjo. Ziwa limepanda kidogo lakini gati bado lina miguu mirefu. Lester alisoma majina ya waliofariki, akafika kwa Osvald, akasimulia mkono wa Osvald, watu wakavua kofia. Kibao cha shaba kilikuwa mezani chini ya kitambaa. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kumkaribisha mtoto jukwaani, kwamba Ragna naye angependa kujaribu.

Nilishuka kwenye boti yangu. Nilizungusha kamba, nikavuta. Mvuto wa kwanza ulikohoa. Wa pili ukawaka.

Mashine hii haina kizuia kelele. Moshi wake hutoka wazi na mlio wake husikika mpaka barabara kuu. Watu waliruka kisha wakapiga makofi. Niliiacha iungurume kidogo, nikaizima, kwa sababu Lester alikuwa anakuja mbio juu ya gati akiwa na uso wa mtu aliyeona jeneza likifunguka.

"Flaiwili," akasema. "Umeitoaje? Nani kakutolea?"

Wote wakasogea kusikiliza. Verner alikuwa mwisho wa gati, ananitazama, na nilijua anachoniomba. Ningeweza kusema ni bahati. Ningeweza kusema ni mkono, na wangeniletea flaiwili zao nami nikajifungia bandani kama yeye.

"Usitoe sahani, Lester," nikasema. "Iache, na skrubu zake zikaze. Fungua nati. Itaachia, halafu itakaza mara ya pili. Hapo ndipo mnaposimama wote. Usisimame. Nati yenyewe ndiyo inayoitoa."

"Basi?"

"Basi."

"Na Osvald alijua hivyo?"

"Osvald alikuwa anajua hivyo na hakuna kingine alichokuwa anajua. Na mashine hii haikuwa yake. Ni ya Halvor Tveit, baba yangu, na aliniachia mimi."

Maji yaligonga mbao. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema taratibu, "Hiyo nayo ni namna yake," na nikasikia wengine wakishusha pumzi kukubali. Verner alikuwa ametazama viatu vyake. Nikaona macho ya Lester yanakwenda kwenye mashine yake mwenyewe, kwenye sahani yake. Midomo yake ilikuwa inahesabu skrubu.

Nikavuta kamba tena. Ikawaka kwa mvuto mmoja, nikaondoka.

Katikati ya ziwa niliifungulia moto wote. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilijaribu kukohoa nikashindwa kujisikia. Ndipo nilipojua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu niko mahali ambapo mtu anaweza kupiga kelele. Nikapiga. Nilimfokea Osvald kwa jina. Nilimwambia alikuwa mwizi. Nilimwambia alimfanya mdogo wake kuwa mjinga na mkewe kuwa mpishi wa kahawa ya kumwagwa, na kwamba kibao chake wakakitundike chooni. Nilimwambia angeniambia tu, siku moja, njoo uone, ningempenda maradufu. Nilimwambia ninamkumbuka kila asubuhi, na hilo nalo nililifoka, mpaka koo likawasha. Nilizunguka ziwa lote nikipayuka, mkono kwenye usukani, machozi yanarudi masikioni kwa upepo. Watu wa ufukweni waliona mdomo wangu uko wazi wakadhani ninaimba. Walinipungia kofia. Nami niliwapungia.

Nilirudi petroli ilipokaribia kuisha. Gati lilikuwa karibu tupu, watu wamekwenda kwenye chakula. Verner peke yake ndiye alikuwa amebaki. Alidaka kamba ya boti, akaifunga, akanitazama uso wangu ulivyokuwa.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikamwambia bado.

Akachukua dumu, akapiga magoti ukingoni, akaanza kunijazia tangi.